Marafiki wanne Ethiopia, na kikombe cha tatu tulichotaka kukikimbia

Mkoba Mwepesi (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajamvi.

Nyuzi za safari za nje humu nyingi ni za hoteli, viwanja vya ndege na picha. Mimi naomba nieleze habari ya watu na chakula, maana hivyo viwili ndivyo ninavyoota tangu turudi Ethiopia. Tulikuwa wanne: mimi, mwalimu, fundi umeme, na shoga yangu ambaye ni nesi. Tulichangishana mwaka mzima na nusu. Tukaondoka Oktoba, masika yao wanayoyaita kiremt yakiwa yamekwisha na vilima vimejaa maua ya njano, adey abeba. Siku tisa: Addis Ababa, Harar, kisha Addis tena. Lalibela, kwenye yale makanisa 11 yaliyochongwa ndani ya mwamba, hatukwenda. Iko Amhara, na huko hali ya usalama haijatulia tangu 2023. Hatukutaka kubahatisha.

Naanza na kosa letu.

Jioni ya kwanza tuliingia mkahawani tumechoka. Addis iko juu sana, kama mita 2,350 kutoka usawa wa bahari, ngazi za ghorofa moja tu zinakumaliza pumzi. Tukakaa kona, wanne tunatazamana, kila mtu na simu yake. Meza ya pili kulikuwa na wazee wawili na binti, wameletewa sinia lao. Kabla hawajaligusa, mzee mmoja akatugeukia akasema, "Inibla." Tukatabasamu, tukarudi kwenye simu. Akarudia. Tukatabasamu tena. Yule binti akainamisha uso.

Mhudumu ndiye aliyetufumbua macho. Inibla maana yake "tule". Yaani karibu chakula! Neno tulilolelewa nalo, neno ambalo mama zetu wasingetuvumilia tusipoliitikia, tumeambiwa mara mbili na tumelipa kisogo. Mwalimu akanyanyuka kwenda kuomba radhi. Aliporudi alikuwa anatafuna.

Usiku ule tukawekeana sharti: kuanzia kesho hakuna kukaa wanne meza moja tukajifungia. Kusafiri na marafiki ni raha, lakini marafiki hao hao wanageuka ukuta. Mwenyeji akikuona mpweke anakusogelea. Akiwaona wanne mnacheka na lugha yenu, anawaachia nafasi yenu kwa adabu.

Naendelea baadaye, hapa nina kazi kidogo.

Nahodha wa Nchi Kavu

Nimeweka kambi mkuu. Tiririka.

Bibi Mchuzi

Hiyo ya inibla imenigusa. Nilidhani kukaribisha mpita njia chakula ni kwetu tu. Je, hiyo injera yenyewe ikoje? Nimesikia ni chachu kama maziwa mgando.

Mkoba Mwepesi

Bibi Mchuzi, chachu ni kweli, lakini si ya kukunja uso. Ni unga wa tef, kinafaka kidogo kuliko hata ulezi, unakorogwa na kuachwa siku mbili tatu uchachuke, kisha unamiminwa kwenye chuma au bamba la udongo. Upande wa chini laini, upande wa juu matundu matundu, na yale matundu ndiyo yanayonyonya mchuzi. Hakuna kijiko. Analetewa kila mtu maji ya kunawa, sinia linawekwa katikati, mboga zimemwagwa juu ya injera yenyewe, unakata kipande kwa mkono wa kulia na kuchota nacho. Kipande cha chini kabisa, kilichokunywa rojo la kila mboga, ndicho kitamu kuliko vyote. Wenyewe wanakigombea, na mgeni anasukumiwa yeye.

Mwenzetu nesi ana vidonda vya tumbo. Siku mbili za mwanzo alikuwa anakula mkate na chai, sisi tunakula kwa dhamiri inayotusuta, na maneno yalianza kuwa makali baina yetu. Fundi alimwambia "umetuharibia meza", jambo ambalo hakupaswa kulisema. Tatizo lilikuwa berbere, ule mchanganyiko wao wa pilipili nyekundu na viungo, uko karibu kila kitu chekundu. Aliyetuokoa ni mpishi wa mkahawa mdogo nyuma ya nyumba tuliyofikia. Aliona sahani yake haijaguswa, akatoka jikoni mwenyewe, akauliza kwa ishara, akashika tumbo. Nesi akaitikia kwa kichwa. Baada ya dakika 20 akarudi na alicha: mchuzi wa manjano, wa njegere kavu zile zilizopasuliwa, na bizari, bila berbere hata chembe. Akasimama pale mpaka alipoona tonge la tatu limeshuka.

Mwenye tumbo kama lake akariri neno hilo: alicha.

Sheger Zamani

Wakuu, mimi nilisoma Addis miaka mitatu, naomba nichangie kidogo.

Kwanza, Jumatano na Ijumaa Wakristo wa Othodoksi wanafunga: hakuna nyama, maziwa wala mayai. Ukijumlisha na Kwaresima na mifungo mingine, muumini wa kawaida anafunga karibu siku 180 kwa mwaka. Kwa hiyo kila mkahawa unajua kupika chakula cha mfungo. Agiza bayenetu: sinia moja, mboga kila aina, dengu nyekundu, dengu za manjano, majani ya gomen, viazi na karoti, kiazisukari, na katikati shiro, rojo zito la unga wa dengu. Mimi naila nyama sana, lakini nasema wazi bayenetu ya Ijumaa inaishinda nyama ya siku nyingine zote.

Pili, saa. Hapo wageni wengi wanapotea, ila sisi tusingepaswa kupotea.

Mkoba Mwepesi

Sheger Zamani umegusa kidonda!

Wanajamvi, Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi. Jua likichomoza ndiyo saa kumi na mbili, baada yake saa moja asubuhi, saa mbili asubuhi. Na majira yao ni yale yale yetu ya Afrika Mashariki. Sasa tulipanga na dereva atupeleke Entoto, mlima ulio juu ya mji. Akatuambia kwa Kiingereza, kwenye simu, saa "mbili". Sisi kwa kuwa tumesikia Kiingereza, tukaigeuza: ah, anamaanisha saa nane mchana. Tukalala zetu. Kumbe yeye alikuwa getini saa mbili asubuhi, amekaa ndani ya gari saa nzima, akahurumia kugonga akidhani tumechoka na safari. Akarudi tena mchana, hana hata kinyongo, na mfuko wa kolo, shayiri iliyokaangwa, ametuletea tutafune njiani. Tungemsikia kwa masikio ya Kiswahili tungekuwa sawa tangu mwanzo.

Na mwaka wao nao una miezi 13, kumi na miwili ya siku 30 na mmoja mdogo, Pagume, wa siku tano au sita. Kwa hiyo tarehe kwenye risiti isiwatie hofu, wako nyuma yetu miaka saba au minane kulingana na mwezi.

Mjukuu wa Liwali

Sisi wa pwani tunaotaka kula cha halali tunafanyaje huko? Nimeambiwa ni nchi ya Wakristo.

Sheger Zamani

Waislamu ni wengi sana Ethiopia ndugu yangu, zaidi ya robo ya watu wote. Kule nyama inatenganishwa: Mkristo hali iliyochinjwa na Muislamu, na Muislamu hali iliyochinjwa na Mkristo, kila mtu anajua na hakuna anayeona vibaya ukiuliza. Bucha na mikahawa mingi inaweka alama ya msalaba au mwezi mlangoni. Nguruwe usimhofie, Othodoksi nao hawamli. Na siku ukiwa na shaka, bayenetu.

Halafu kitfo, ile nyama ya kusaga yenye samli ya viungo na mitmita (pilipili yao kali ya unga): kiasili inaliwa mbichi. Ukitaka iguswe na moto useme kabla. Ukarimu usikufanye ule usichokiweza. Sema hapana ukiweka mkono kifuani, utaeleweka.

Kisu Kikali

Samahani nitakuwa tofauti. Mimi nilipita Addis siku mbili nikisubiri ndege. Kijana alinifuata barabarani, ati ni mwanafunzi, ati leo kuna sherehe ya utamaduni na kahawa, twende. Nikaenda. Bili iliyokuja sitaisahau, na mlango ulisimamiwa na watu wawili. Ukarimu gani huo?

Mkoba Mwepesi

Pole sana mkuu, na nashukuru umelisema. Utapeli huo upo, sisi pia kijana wa "sherehe" alitukuta karibu na uwanja wa Meskel. Tulikataa kwa sababu mwenye nyumba tuliyofikia alishatuonya.

Nikutofautishie kwa tulivyoona sisi. Wale waliotukirimu kweli hakuna hata mmoja aliyetufuata. Walikuwa wamekaa kwao, kwenye kazi zao, na sisi ndio tuliopita au tuliosimama. Mzee wa inibla alikuwa kwenye sinia lake. Mpishi alikuwa jikoni kwake. Anayekufuata barabarani na kukupangia mahali pa kwenda, muage.

Na hapa ndipo nifike kwa yule mama, ambaye ndiye hasa nilianzisha uzi kwa ajili yake.

Siku ya tatu tulikuwa tunaelekea Makumbusho ya Taifa kumwona Lucy, ambaye wenyewe wanamwita Dinkinesh, yale mabaki ya zamadamu ya miaka milioni 3.2 yaliyofukuliwa 1974. Kwenye uchochoro mmoja kuna kibanda cha mabati, mbele yake ametandaza majani mabichi chini kama yale ya harusini, vijiti vya ubani vinafuka, na vigoda vinne vitupu. Mama wa makamo, shuka jeupe la pamba begani. Hakutuita. Alitutazama tu, akaviangalia vigoda, akatutazama tena.

Tukakaa.

Akaosha buni mbichi. (Wao wanasema buna, sisi buni, mwalimu alifurahi kama mtoto.) Akaziweka kwenye kikaango bapa juu ya jiko la mkaa, akawa anazitikisa, mkono haupumziki, mpaka zikaanza kupasuka na kutoa mafuta. Kisha akafanya jambo ambalo sijaliona popote: akainuka na kikaango kikiwa bado kinafuka, akakipitisha mbele ya uso wa kila mmoja wetu, na kwa kiganja akausukuma moshi utujie. Kila mtu anausubiri moshi wake. Akazitwanga kwenye kinu kidogo, akatia ndani ya jebena, chungu cheusi chenye shingo nyembamba, ndugu yake dele. Akamimina kutoka juu, kijito chembamba kama uzi, vikombe sita vidogo visivyo na mkono, hakusimamisha mkono kati ya kimoja na kingine wala tone halikuanguka nje. Bakuli la bisi likazungushwa.

Kikombe cha kwanza wanakiita abol. Kizito, cheusi, kinakaa kooni. Tukanywa, fundi akatazama saa, akasema makumbusho itafungwa. Tukanyanyuka, tukatoa hela. Mama akamshika fundi kifundo cha mkono, taratibu, kama unavyomshika mtoto anayetaka kuvuka barabara. "Tona," akasema, akaonyesha vidole viwili. Kisha vitatu: "Bereka."

Tukatazamana. Baraka?

"Bereka!" akaitikia, na akacheka mpaka shuka likamdondoka.

Kumbe kahawa yao ni mizunguko mitatu kwa buni zile zile, abol, tona, bereka, maji yanaongezwa na kila mzunguko unakuwa mwepesi kuliko uliopita. Ya tatu ndiyo yenye baraka. Kuondoka kabla yake ni kama kutoka kwenye hitima kabla ya dua. Tukakaa chini.

Wakati wa tona wakaja jirani wawili, fundi cherehani na kijana wa teksi zile za bluu na nyeupe. Wakati wa bereka akaja mkwewe na sinia la shiro lililokuwa bado linachemka kwenye chungu. Hapo fundi wetu umeme, yule mwenye haraka, akakutana na gursha. Mama alikata kipande cha injera, akakunja tonge la kujaa mdomo, akamwelekezea usoni. Fundi akanyoosha mkono alipokee. Mama akatikisa kichwa: fungua mdomo. Mtu mzima wa miaka 41, fundi wa nguzo, analishwa hadharani. Akafungua. Kabla hajameza likaja la pili, kwa sababu kwao gursha moja haitoshi. Baadaye aliniambia mara ya mwisho kulishwa kwa mkono ilikuwa kwa marehemu bibi yake. Sikumwuliza zaidi.

Dinkinesh tulimwona siku iliyofuata.

Bibi Mchuzi

Nimelia hapa kazini. Mlimlipa?

Mkoba Mwepesi

Kahawa tulilipa, ni biashara yake na ndiyo inayomlisha. Shiro alikataa katakata. Tulipojaribu kumwekea noti chini ya kikombe, mkwewe alitukimbilia nazo mpaka mwisho wa uchochoro, amechukia kabisa. Tukajifunza: chakula cha mtu hakilipwi, kinarudishwa kwa namna nyingine. Nitaeleza.

Kuhusu hela kwa ujumla, msiamini bei za zamani zilizoko intaneti. Julai 2024 serikali yao iliiachia birr ielee sokoni, ikashuka thamani sana, na bei zote zikabadilika. Nendeni na dola, badilisheni benki, ulizeni bei siku hiyo hiyo. Na bebeni masweta, usiku Addis ni baridi.

Nahodha wa Nchi Kavu

Harar je? Umesema mlifika.

Mkoba Mwepesi

Tulifika. Ndege kama saa moja hadi Dire Dawa, kule chini kwenye joto, kisha gari hadi Harar mlimani. Mji wa kale, Jugol, umezungukwa na ukuta wa karne ya 16, uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2006, na ndani yake wamehesabu misikiti 82. Mtu wa pwani akiingia humo anajikuta nyumbani: vichochoro vya kupishana mabega, kuta nyeupe na za buluu, wanawake wenye mitandio ya rangi, na sambusa. Wanaziita sambusa, na nyingi ndani ni dengu. Nesi, ambaye Addis alikuwa anahesabu tonge, Harar alikula sambusa sita amesimama.

Kuna mtaa wa washonaji unaitwa Makina Girgir, jina limetokana na mlio wa vyerehani. Ukisimama kimya pale mwanzo wa mtaa unalisikia jina lenyewe: girgir, girgir, girgir. Mwalimu alipasuka suruali, fundi mmoja akaishona palepale, mwalimu amejifunga kikoi, na malipo akayakataa kwa sababu "ni mshono mmoja".

Nyumba tuliyolala ilikuwa ya Kiharari: sebule yenye mabaraza ya ngazi ngazi, sakafu nyekundu, ukutani vikapu vya ukili vya rangi vimepangwa hadi dari. Asubuhi mwenye nyumba alitupa fatira, unga mwembamba uliokunjwa na yai, ukakaangwa, ukamwagiwa asali. Alikaa nasi mpaka tulipomaliza. Yeye mwenyewe hakula, alikuwa amefunga sunna Alhamisi hiyo, na alitumiminia chai kila kikombe kilipofika nusu.

Usiku tuliwaona na fisi wanaolishwa nyama nje ya ukuta. Wanaokwenda kwa ajili hiyo watafurahi. Mimi ningerudi kwa ajili ya fatira.

Mjukuu wa Liwali

Umesema chakula kinarudishwa kwa namna nyingine. Mlimrudishiaje yule mama?

Mkoba Mwepesi

Tulipokuwa sokoni Harar nesi alinunua kilo mbili za buni mbichi za kule, fundi akaongeza sukari. Hakuna aliyeuliza ni za nani.

Tulirudi Addis siku ya tisa, ndege yetu ya kurudi ilikuwa usiku, tulikuwa na muda wa kupita tu, kumpa mkononi na kuondoka. Tukamwomba yule dereva wetu wa Entoto atusubiri barabarani. Uchochoroni jua lilikuwa limeshazama. Majani ameshayafagia, mkaa ameumwagia maji, vikombe viko ndani ya beseni la sabuni. Alipotuona hakusema kitu. Akapokea mfuko, akaufungua, akaingiza pua ndani, akavuta. Kisha akamwita mkwewe alete mkaa mwingine.

Mwalimu akaanza kueleza habari ya ndege, kwa mikono, mpaka mabawa akapiga. Fundi akamkatiza. "Kaa," akamwambia. Na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvuta kigoda.

Tukangoja mkaa ushike. Tukangoja buni za Harar zipasuke. Moshi ukatupitia mmoja mmoja, gizani, kwa mwanga wa jiko tu. Abol. Tona. Fundi ndiye aliyeshika kikombe chake cha tatu kwa mikono miwili na kumnyooshea, akasema mwenyewe, "Bereka."

Tulipotoka barabarani dereva alikuwa amesimama nje ya gari, anaangalia saa. Akauliza tumekwama wapi. Nesi akamwambia neno hilo hilo moja.

"Ishi," akasema dereva, sawa, akatufungulia milango. Ndege tuliiwahi.

Sheger Zamani

Naomba unielekeze huo uchochoro uko upande gani wa makumbusho. Nakwenda Desemba.

Mkoba Mwepesi

Nakuandikia pembeni mkuu. Kama utakwenda, nenda na sukari. Na usipange kitu kingine mchana huo.